Ukoo wa Handaka Wote Wanapika

Semarang, Jumamosi, 2 Agosti 1986

Dada Wuryani,

Nimefika salama, mgongo tu ndio unaoilalamikia barabara. Rafiki yetu Karti amenipa chumba cha mbele nyumbani kwake. Jana alinipeleka kwa daktari wa macho. Miwani yangu itachukua muda, kwa hiyo sababu ya mimi kukaa huku ni ya kweli kabisa, na hakuna atakayeshuku kwamba umenituma.

Sasa yule kijana wa binti yako Retno, huyo Handaka. Nimemwona.

Alibisha hodi asubuhi, shati la batiki limenyooshwa pasi, viatu vimefungwa kamba za rangi mbili. Nilidhani atanipeleka mahali penye vitambaa vya meza, maana mtu anayeposa hujikakamua. Akaniuliza, "Mama mdogo, umekula?" Nikasema nimekunywa chai. "Chai si kula," akasema. "Twende."

Tukaenda nyuma ya soko la Johar, kwenye kibanda cha soto. Dada, supu ile! Ni ya kuku, nyepesi, ina tambi nyembamba na vitunguu saumu vilivyokaangwa mpaka vikawa kama vumbi la dhahabu. Bakuli zake ni ndogo, kama za watoto kuchezea. Mwenye haya hula mbili. Mimi nilikula tatu.

Mwenye kibanda, Pak Misnadi, ana masharubu kama ufagio na lafudhi ya kisiwa cha Madura. Alipomwona Handaka alipiga kelele, "Umekonda! Huko shuleni hakuna wali?" Kisha akanigeukia. "Na huyu mama je? Unaniletea mgeni bila taarifa, unanikuta na fulana yenye tundu?"

Handaka akasema, "Mama mdogo, huyu ni baba yangu mkubwa."

Ulisema mtu hujulikana akila, basi nilimtazama. Alinipangusia kijiko kabla hajapangusa chake. Limau alilikamulia kwanza bakuli langu. Hakuzungumza akiwa na kitu mdomoni. Lakini tulipomaliza, alizikusanya bakuli zetu, akazunguka nyuma ya kibanda, akaziosha. Mwalimu wa hesabu, mbele ya wateja! Pak Misnadi hata hakugeuka, kana kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Nimeliwaza jambo hilo mpaka sasa.

Jioni tulikunywa maji ya tangawizi yenye madonge laini ya mchele yaliyojazwa karanga. Yanauzwa na mama mmoja mwembamba kama ufito, Yu Painem. Alimvuta Handaka sikio. "Unaniletea mtu saa hizi, nimebakiwa na madonge yaliyopasuka!" Huyo ni shangazi yake. Ila baba mkubwa ni wa Madura na shangazi anasema yeye ni mtu wa Demak. Nikamwuliza Handaka, "Kwenu hasa ni wapi?" Akacheka. "Hapahapa, Mama mdogo."

Mdogo wako mwenye shibe,
Lasmini


Parakan, 6 Agosti 1986

Lasmini,

Barua yako nimeisoma nikiwa na njaa, na hilo ni kosa lako.

Nilikutuma umchunguze mtu, si supu. Wazee walituambia tutazame mbegu ya mtu, yaani ukoo wake, hali yake ya maisha, na uzito wa tabia yake. Mpaka sasa umenipimia uzito wa bakuli. Baba yake yuko hai? Mama yake ni mtu wa namna gani? Nani atakuja kuposa, na atakuja na akina nani? Na huyo anayeosha vyombo kibandani, ni mwalimu au si mwalimu?

Haji Zubaidi wa ghala la tumbaku alipita tena jana. Anamtaka Retno kwa ajili ya mwanawe, na anataka jibu kabla ya mwezi wa Suro, maana ukishaingia hakuna atakayethubutu kutaja harusi. Baba Retno anasema tusubiri. Yeye akiachiwa husubiri hata nyumba ikiungua. Retno naye, kila akisikia jina la Haji, anaosha sahani kwa kelele mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Fungua macho, na ufunge mdomo kidogo.

Dada yako,
Wuryani


Semarang, 10 Agosti 1986

Dada,

Ni mwalimu. Nilipita shuleni kwake nikasimama chini ya dirisha kama mwizi wa kuku. Watoto walikuwa wanacheka na bado walikuwa wanahesabu.

Leo nimekutana na bibi yake. Kaa kitako kwanza. Ni Mchina.

Anaitwa Encim Giok. Encim ndivyo wanavyowaheshimu mabibi wa Kichina huku. Ana duka dogo kwenye kichochoro cha mtaa wa Wachina, anauza lumpia, zile zinazokunjwa kwa unga mwembamba na kujazwa machipukizi ya mianzi. Kabla hatujafika nilishasikia harufu, na miguu yangu ikaongeza mwendo bila kuniuliza. Handaka aliupeleka mkono wa bibi yule kwenye paji la uso wake, kama Retno anavyofanya kwa mama yetu. Encim akanipima toka juu mpaka chini.

"Huyu ndiye mama wa msichana?"

"Mama mdogo," nikasema.

"Kwa hiyo mama mwenyewe anaogopa?"

"Hana nafasi, Encim."

"Wote huwa hawana nafasi," akasema, "mpaka wasikie harufu."

Nilimwuliza kuhusu baba wa kijana, akaniwekea lumpia. Nikauliza kuhusu mama, akaniwekea nyingine. Nimeuliza maswali manne, na unaweza kukisia nimekula ngapi.

Siku hizi natembea peke yangu pia. Kuna kahawa ya kusaga kwa mkono karibu na mto, na kuna barafu tamu ya nazi inayouzwa na mzee mwenye kengele. Nilipomtajia jina la Handaka yule mzee alinijazia kikombe mpaka kikamwagika. Kumbe naye ni mjomba! Kesho nikinunua kiberiti, muuzaji atakuwa binamu.

Ukoo wao ni mkubwa, Dada, na wote wanapika. Namna walivyounganika ndiyo sijaielewa, na udadisi utaniua kabla ya mafuta.

Lasmini


Parakan, 13 Agosti 1986

Lasmini,

Hapo sasa umesema neno. Ukoo mkubwa, na wote wana biashara ya chakula! Nimemwambia mke wa mkuu wa tarafa kwamba Retno anataka kuposwa na watu wenye nyumba za kulia huko Semarang. Alibaki kinywa wazi. Nimeagiza mikeka mipya, maana watu kama hao hawawezi kuja wachache.

Lakini bibi wa Kichina ni wa upande gani? Babu alioa mara ngapi? Na kijana amekua akilishwa nini kutoka kwenye sufuria hizo? Sisi Waislamu, unajua ni nyama gani ninayoiulizia. Nijibu, na asikuwekee mtu sahani nyingine mbele.

Wuryani


Semarang, 15 Agosti 1986

Retno mwanangu,

Barua hii isome uani, mama yako akiwa sokoni.

Leo nimembana Handaka. Nilimpeleka mimi, safari hii, kwenye ile kahawa ya karibu na mto, nikamkalisha pembeni.

"Nitajie jina la baba yako," nikamwambia.

Alizungusha kikombe. "Silijui, Mama mdogo."

"Na mama?"

"Suminten. Alikuwa anaosha vyombo vya vibanda pale Johar. Alifariki nikiwa na miaka minane."

"Na Pak Misnadi?"

"Alinipa supu siku ya msiba. Na kesho yake. Na kesho yake tena."

Yu Painem ndiye aliyempeleka kuandikishwa shule. Encim Giok alimpa pa kulala, juu ya duka. Mzee wa barafu alimnunulia viatu. Hakuna hata mmoja aliye ndugu yake, Retno, wala wao kwa wao si ndugu. Ni wauza chakula ambao vyombo vyao vilipita kwenye beseni la mama yake.

Nilikasirika. Nikamwuliza, "Kwa nini ulituambia ni ukoo wako?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyepewa hesabu isiyo na jibu. "Mama mdogo, sasa ningewaitaje?"

Kahawa yangu ilipoa, nikainywa hivyohivyo.

Anasema wewe unajua tangu mwaka wa pili chuoni. Nimekubeba mgongoni, binti, nawe umeniacha nije huku kama kipofu anayesubiri miwani. Mama yako keshanunua mikeka. Niambie nifanye nini.

Mama mdogo wako,
Lasmini


Parakan, 18 Agosti 1986

Mama mdogo,

Nisamehe. Handaka alitaka kumwambia Mama tangu mwanzo, ingawa aliogopa; mimi ndiye niliyemkataza. Nilifikiri ukikaa nao, ukala kwao, utawapenda kabla hujajua, na ukishawapenda utapata maneno ambayo mimi sina.

Usimwambie kwa barua. Unamjua Mama. Jambo baya akilisikia hupiga kelele, likaisha. Akilisoma, hulisoma mara saba, na kila mara linakuwa baya zaidi. Rudi umwambie kwa mdomo, mimi nikiwepo.

Mke wa mkuu wa tarafa ameanza kuniuliza nyumba hizo za kulia zina ghorofa ngapi.

Retno


Semarang, 20 Agosti 1986

Dada Wuryani,

Retno ataninunia kwa barua hii, lakini kila siku ninayokaa kimya unaagiza mkeka mwingine.

Hakuna ukoo. Hakuna nyumba za kulia. Handaka ni yatima wa mwosha vyombo wa sokoni. Baba yake hajulikani, wala jina lake. Watu wote niliokuandikia habari zao, yule wa soto, yule wa tangawizi, yule bibi wa lumpia, ni wauza chakula waliomlea kwa zamu mpaka akawa mwalimu. Mbegu uliyonituma niitafute haipo. Hali yake ni chumba kimoja cha kupanga. Uzito wake ninaujua, na ningemwoza binti yangu kesho, lakini Retno si binti yangu.

Kuhusu sufuria za Encim Giok, sikuuliza. Niliogopa jibu.

Lasmini


Parakan, 23 Agosti 1986

Lasmini,

Nimesoma.

Jumatatu panda basi urudi. Utamwangalia Baba Retno na nyumba. Mwambie Karti asitandue kitanda chako, mimi nitakilalia. Kijana asiambiwe.

W.


Semarang, 29 Agosti 1986

Lasmini,

Najua wewe na Retno mmekaa jikoni mnanisema. Haya, acheni kidogo msome.

Nilikuja na barua zako mkobani. Nilitaka kuwaona watu hawa kabla hawajajua mimi ni nani, maana ukishajulikana kila mtu anakuwa mwema. Nilianzia kwa yule mwenye masharubu. Nikamwuliza, "Kuna kijana huwa anaosha bakuli hapa. Ni mtoto wa nani?"

"Nani anauliza?"

"Mpita njia."

"Mpita njia ale, apite."

Nikala, nikapita. Bakuli tatu. Usimwambie mtu.

Yu Painem nilimtega vingine. Nilijifanya nimesikia kijana ni mlevi. Alininyang'anya kikombe mkononi, tangawizi ikiwa nusu, akamwaga mtaroni. "Kanywe huko ulikoyasikia!" Watu wote wa mtaa waligeuka. Mimi, mke wa Darsono wa Parakan, nimefukuzwa kwenye benchi la barabarani, na nilipokuwa nikiondoka moyoni nilisikia raha ambayo sikuielewa.

Jana nikaenda kwa Encim Giok. Nilikuwa nimejifunga kitambaa kichwani. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama, hapa kuna kitu ambacho mtu kama mimi anaweza kula?"

Hakunyanyua macho kwenye kisu. "Kipo. Hilo jiko la hapa usilisogelee. Nenda kakae kule dirishani."

Dirishani kulikuwa na jiko la pili, dogo. Lina kikaango chake, kisu chake, chupa yake ya mafuta, na vyote vimefunikwa kitambaa safi. Nikamwuliza kama ni la wateja wa dini yangu.

"Wateja!" akasema. "Wateja wangu nina jiko moja tu, atakaye ale, asiyetaka apite. Hilo ni la mjukuu."

Lasmini, nilikaa.

Akaniambia huku anakatakata mianzi. "Mama yake alikuwa mtu wa sala. Alipokuwa anakata roho hakuniomba mtoto asome, hakuniomba nguo. Alisema, 'Encim, usimlishe kisicho chake.' Mimi sala zenu sizijui. Nikanunua kikaango. Mume wangu alinung'unika sana. Duka dogo hivi, majiko mawili? Nikamwambia, basi wewe kalale nje tupate nafasi. Jioni Misnadi alikuwa anamchukua kumpeleka msikitini kusoma. Akirudi anakuta chakula chake kiko pale, kimefunikwa. Sasa ni mtu mzima, ana kwake, lakini Jumapili akija bado namkaangia palepale."

"Na baba yake?" nikauliza. Hata wakati huo, Lasmini, bado niliuliza.

Akaweka kisu chini. "Damu yake siijui, mama. Mama yake hakutuambia, nasi hatukumwuliza. Lakini nyama iliyo juu ya mifupa yake naijua yote, maana tumeiweka sisi, kijiko kwa kijiko."

Kisha akawasha lile jiko dogo akanikaangia. Nilikula, machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Haikuwa na pilipili.

Nikamwambia, "Mimi ni mama yake Retno."

"Najua," akasema. "Umeingia ukitazama pembe za dari kama mtu anayekuja kununua nyumba."

Tulikuwa tunacheka, na wewe unajua mimi si mtu wa kucheka na watu nisiowajua, ndipo Handaka akaingia na madaftari ya wanafunzi kwapani. Alinitambua mara moja, nadhani kwa ile picha aliyonayo Retno. Aliganda. Madaftari yakaanza kumponyoka moja moja.

"Mwalimu," nikamwambia, "kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Alisogea karibu. Kisha akasema, tena kwa sauti ya chini ili bibi yake asisikie, "Niliogopa utasema hawatoshi."

Hilo lilinipiga mahali ambapo sikujua pako wazi. Maana ndivyo nilivyokuwa nimekuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno yake ndani ya basi, tangu Parakan, na yalikuwa mazuri. Nilimwambia aokote madaftari, avute kiti.

Sasa fanya haya. Nenda kwa Haji Zubaidi pamoja na Baba Retno, msipeleke mtoto wala barua. Mwambieni kwa heshima kwamba binti yetu ana mwenyewe. Mwambie Retno sahani zilizobaki tunazihitaji nzima. Mke wa mkuu wa tarafa mwacheni, nitamwambia mimi, kwa kuwa uongo ule niliuanzisha mimi.

Mikeka isirudishwe.

Wuryani


Parakan, 20 Oktoba 1986

Mzazi mwenzangu Encim Giok,

(Handaka, msomee Bibi yako bila kuruka neno, hata ukiona haya.)

Natumaini mlifika salama mlipotoka huku kuposa, na kwamba watu wa Johar hawakuwavunjia vibanda kwa kuwaacha na njaa siku nzima. Huku bado wanazungumza. Pak Misnadi alipoanza kuposa kwa Kijava cha heshima na kikamkwama katikati, akamalizia kwa Kimadura, mume wangu aliitikia "amina" bila kuelewa hata neno moja. Nimemwuliza amekubali nini. Anasema hajui, lakini lilikuwa limesemwa vizuri.

Sitakuficha. Si kila mtu amefurahi. Haji Zubaidi hamsalimii mume wangu msikitini, na kuna majirani wawili waliokuwa wakija kila jioni ambao njia yao imepotea. Mke wa mkuu wa tarafa yeye alikuja siku ya pili. Alizunguka weee, mwisho akauliza, "Sasa katika wale wote, wazazi hasa walikuwa akina nani?"

Nikamwambia, "Wote uliowaona wamekaa mkeka wa mbele."

"Namaanisha kwa damu, Mama Wuryani."

"Kwa damu hatujui," nikasema. Nikamwongezea chai. Alinywa, na alipoondoka aliomba afungashiwe lumpia zilizobaki. Nikamwambia zimekwisha. Zilikuwepo.

Tumekubaliana harusi iwe mwezi ujao, baada ya tumbaku kuingia ghalani. Lasmini anashona nguo, na kwa miwani mipya anaona makosa ambayo zamani hakuyaona, kwa hiyo ameshona na kufumua mara tatu. Retno anaimba. Sikujua mtoto huyu ana sauti.

Sasa jambo langu moja. Siku ile mlikuja kwa kadiri ya desturi, mkapokewa mlango wa mbele, mkasubiri mkaribishwe, mkakaa mlipoonyeshwa. Ilikuwa sawa, mlikuwa wageni. Harusini usifanye hivyo tena. Njoo siku mbili kabla. Zunguka nyumba kushoto, pita uani penye kamba ya nguo, utauona mlango wa jikoni. Usibishe hodi. Hatuutii komeo. Sukuma tu.

Wuryani